Filamu ya Kunawa Mikono Tumeiona, Sasa Tuonyesheni Historia

Wandugu, leo nataka tuongee habari ya sinema. Msicheke kwanza, someni mpaka mwisho.

Kila mtu aliyekaa kambini anazijua filamu tunazoonyeshwa. Kunawa mikono. Kipindupindu. Ukimwi. Mimba za utotoni. Turubai jeupe linafungwa uwanjani, spika zinalia, watoto wanajaa mbele, filamu inaisha, mhamasishaji anauliza maswali matatu, anayejibu anapewa sabuni. Basi, kila mtu kwake. Sisemi filamu hizo ni mbaya. Kipindupindu kinaua, na mimi mwenyewe ni mtu wa kujitolea, nimezibeba hizo spika na kupanga watoto mistari. Ninachosema ni kwamba ukimfundisha mtu kunawa mikono tu, miaka kumi mfululizo, hujawahi kumuuliza anafikiri nini, basi unamwambia bila kutamka kwamba kazi yake hapa duniani ni kutougua.

Usiku mmoja kambini, filamu kama hiyo ilipoisha, mama mmoja mzee alisimama akauliza: "Na ya kwetu mtatuonyesha lini?" Watu walicheka. Mhamasishaji akamjibu kwamba ya wiki ijayo itakuwa ya vyandarua. Mama akakaa chini. Swali lake halijajibiwa mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike.

Hoja yangu ni hii. Sisi vijana wakimbizi, wa kambini na sisi wa mjini huku Masaka, Kabuga na kwingine Kigali, tunahitaji jioni za filamu zinazofuatwa na mazungumzo ya wazi juu ya historia, utamaduni na siasa. Sio semina ya kusaini karatasi na kungoja nauli. Watu wakae, waangalie filamu nzuri, halafu waongee. Na kama mimi ndiye ningechagua filamu ya kwanza, singeanza na Kongo wala Burundi. Ningeanza na Taiwan.

Najua mnasema: huyu kijana amechanganyikiwa. Taiwan inatuhusu nini? Ngoja.

Taiwan ni kisiwa kilicho pembeni ya China, kinaizidi Rwanda kwa ukubwa, kina watu kama milioni 23. Wenyeji wake wa zamani wanaongea lugha ambazo zina undugu na lugha ya Madagaska, kwa hiyo hata sio mbali na Afrika kama tunavyodhani. Baada yao walikuja wakulima na wafanyabiashara kutoka China bara, karne kwa karne. Mwaka 1895 Japani ikakichukua kisiwa baada ya kuipiga China vitani, ikakitawala miaka 50. Hesabu vizuri: ni wakati uleule Wajerumani na baadaye Wabelgiji walikuwa wanatawala huku kwetu. Kule pia watoto walifundishwa shuleni kwa lugha ya mkoloni.

Mwaka 1945 Japani ikashindwa vita, kisiwa kikakabidhiwa serikali ya China ya wakati huo, ya Chiang Kai-shek. Watu walishangilia, wakasema sasa tunatawaliwa na ndugu zetu. Furaha haikudumu. Bei zilipanda, kazi nzuri zilikwenda kwa waliotoka bara, maofisa walikula rushwa. Tarehe 27 Februari 1947 jioni, katika mji wa Taipei, maofisa walimkamata mama mmoja mjane aliyekuwa anauza sigara barabarani bila kibali, wakampiga kichwani. Watu wakakusanyika kwa hasira, ofisa mmoja akafyatua risasi, mtu akafa. Kesho yake, tarehe 28, mji mzima ukawaka. Wenyeji wengine waliwapiga na kuwaua watu waliotoka bara, hata wasio na kosa. Halafu mwezi wa tatu jeshi likashuka kutoka bara na kuua wenyeji kwa maelfu: walimu, madaktari, wanafunzi, wanasheria. Tume iliyoundwa na serikali yenyewe ilisema mwaka 1992 kwamba waliokufa ni kati ya 18,000 na 28,000.

Muza sigara barabarani. Sisi tunaowajua mama zetu wanaouza nyanya kwenye beseni huku wanaangalia kushoto na kulia, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Miaka miwili baadaye, 1949, Chiang Kai-shek mwenyewe alishindwa na wakomunisti wa Mao. Akakimbilia Taiwan na serikali yake, wanajeshi na familia zao, zaidi ya watu milioni moja. Yaani wakimbizi. Waliambiwa watarudi nyumbani karibuni, wakajengewa vijiji vyao vya kungojea. Karibuni ile haikufika. Sheria ya kijeshi iliyotangazwa Mei 1949 ilikaa mpaka Julai 1987, miaka 38. Katika muda huo kutaja mauaji ya 1947 hadharani ilikuwa hatari. Wazazi hawakuwaambia watoto. Mtoto anauliza: babu alikufa vipi? Anajibiwa: aliugua. Shuleni aliyeongea lugha ya nyumbani kwao alitozwa faini au kuaibishwa mbele ya wenzake.

Sasa tunafika kwenye sinema. Mwaka 1989, miaka miwili tu baada ya sheria ya kijeshi kuondolewa, mwongozaji Hou Hsiao-hsien alitoa filamu inayoitwa *A City of Sadness*. Inafuata familia moja, ndugu wanne, tangu Japani kuondoka mpaka 1949. Ilipata tuzo kubwa kabisa, Simba wa Dhahabu, kule Venice. Ilikuwa ya kwanza kuligusa jambo la 1947 mbele ya macho ya watu wote, kwenye kumbi za sinema, watu wamekaa pamoja gizani. Filamu haikufanya kazi hiyo peke yake. Walikuwepo watu walioanza kudai ukweli barabarani tangu 1987, na wengine kabla yao walifungwa. Lakini filamu iliwapa watu wa kawaida nafasi ya kuongea nyumbani. Mwaka 1995 rais Lee Teng-hui akaomba msamaha kwa jina la serikali, na tangu 1997 tarehe 28 Februari ni siku ya mapumziko ya kitaifa.

Katika filamu hiyo kuna mahali ambapo kijana wa Afrika ya Kati hawezi kupumua. Mmoja wa ndugu, Wen-ching, ni mpiga picha na ni kiziwi, hasikii wala haongei. Wakati wa vurugu yuko ndani ya treni. Wanaume wenye silaha za jadi wanapita wakitafuta watu wa bara, wanamuuliza kwa lugha ya kisiwani: wewe ni wa wapi? Hasikii swali. Wanamuuliza kwa Kijapani, maana mwenyeji wa kweli alisoma Kijapani. Hasikii. Anajikaza, anatoa sauti iliyovunjika, anasema yeye ni wa Taiwan. Wanakaribia kumuua kwa sababu matamshi yake sio sawa. Rafiki yake ndiye anafika na kumwokoa.

Niambieni, nani kati yetu hajui kizuizi cha barabarani ambapo lugha yako inapimwa? Nani hana mjomba aliyepona kwa sababu aliweza kusema neno moja vizuri, au jirani ambaye hakupona kwa sababu ya pua yake, urefu wake, jinsi anavyotamka?

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa kuanza na mbali. Ukinionyesha filamu ya Masisi, au ya Minembwe, au ya Bujumbura, dakika ya kwanza tu kila mtu ukumbini anatafuta: wanatusema sisi au wale? Mwongozaji ni wa upande gani? Nani ameileta? Lakini ukionyesha treni ya Taiwan ya 1947, hakuna hata mmoja wetu mwenye kabila kule. Mkongomani anaangalia, Mrundi anaangalia, Mnyarwanda wa hapa mtaani anaangalia, na wote wanamwonea huruma yule kiziwi. Baadaye, kwenye mazungumzo, mtu mmoja atasema polepole: "Hata kwetu kulikuwa na jambo kama hili." Akishasema hivyo amefungua mlango mwenyewe, hakuna aliyempiga teke. Wahenga wetu walijua hilo. Ndiyo maana walituambia habari za sungura na fisi, hawakutaja jina la mtu wa kijijini.

Kuna filamu nyingine ya mwongozaji huyohuyo, ya 1985, inaitwa *A Time to Live and a Time to Die*. Hou mwenyewe alizaliwa China bara mwaka 1947, akapelekwa Taiwan akiwa mtoto mchanga, na hadithi inatoka kwenye maisha yake. Humo kuna bibi. Familia imekwama kisiwani, bahari iko katikati, mpaka umefungwa, lakini bibi kila mara anatoka barabarani na kifurushi chake akiulizia njia ya kurudi kwao, kana kwamba ni mwendo wa kutembea asubuhi na kufika jioni. Mjukuu anaona ni mchezo. Wazazi wamenunua viti vya bei rahisi maana hawakupanga kukaa. Halafu miaka inapita na wanafia palepale.

Jamani. Kambi ya Kiziba ipo tangu 1996. Gihembe ilianza 1997, ikafungwa 2021 na watu wakahamishiwa Mahama, wakabeba mabati na masufuria kuanza upya. Kuna watu wa umri wangu ambao wamezaliwa, wamesoma na wamezaa watoto bila kuvuka mpaka hata siku moja, na bado ukiwauliza kwenu wapi wanataja kilima ambacho hawajawahi kukiona. Wana bibi kama yule wa filamu. Wengine bado wanatunza ufunguo wa nyumba. Mara ngapi umeona filamu inayomweka bibi yako mbele ya skrini bila kumwonyesha ametandikwa chini anangojea msaada?

Mwezi Novemba 1987 serikali ya Taiwan iliwaruhusu wale wazee kwenda kutembelea ndugu zao China bara, baada ya karibu miaka 40. Wengine walikuta mama bado yuko hai. Wengine walionyeshwa kaburi. Wengi walirudi tena Taiwan, maana huko ndiko watoto wao walikozaliwa. Hili ni swali letu kabisa: nikirudi, nitakuwa nimerudi au nitakuwa nimehama upya? Jamani, hili halijibiwi kwa kipeperushi cha kurudi kwa hiari. Linahitaji jioni nzima.

Na somo lingine, ambalo kwangu ndilo kubwa. Katika kisiwa kile kuna familia iliyopoteza baba mwaka 1947, na kuna mzee aliyechukuliwa jeshini akiwa kijana, akaletwa kisiwani, hakumwona tena mama yake. Maumivu ya huyu hayafuti maumivu ya yule. Sisemi mwenye kosa na asiye na kosa ni sawa, hapana. Aliyeua ameua, na ukweli lazima usemwe kwa jina lake. Lakini watoto wa pande zote mbili wamekaa darasa moja na wanatakiwa kuishi pamoja. Kambini Mahama Mrundi na Mkongomani wanachota maji bomba moja. Tunajua majina ya timu za mpira za mwenzetu, hatujui kwa nini mwenzetu alikimbia.

Wengine watasema: historia sawa, ila siasa achaneni nayo. Mimi nasema siasa nayo inafundisha, na ya Taiwan inatugusa mpaka hapa Masaka. Tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura kiti cha China kitoke kwa serikali ya Taiwan na kiende kwa serikali ya Beijing. Kura 76 zilikubali, 35 zikakataa. Nchi nyingi za Afrika zilikuwa mstari wa mbele, Tanzania hasa, balozi wake akiwa Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, kijana wa chini ya miaka 30. Wajumbe wa Tanzania walishangilia ukumbini wazi mbele ya Wamarekani. Miaka kumi baadaye, 1981, Salim alipogombea Ukatibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Marekani ilimkatalia kura baada ya kura, na wengi wanaitaja siku ile ya 1971 kuwa sababu mojawapo. Rwanda ilianza uhusiano na Beijing Novemba 1971. Leo katika Afrika nzima nchi yenye ubalozi kamili na Taiwan ni Eswatini peke yake. Na Hospitali ya Masaka, ambapo wengi wetu tunapeleka watoto wakiwa na homa, ilijengwa kwa msaada wa China. Reli ya TAZARA vilevile ni China.

Sasa nani ana haki? Beijing inasema Taiwan ni sehemu ya China, na Umoja wa Mataifa umeshaamua kiti ni cha nani. Watu wengi wa Taiwan wanasema sisi tunachagua rais wetu kwa kura zetu tangu 1996, hatujawahi kutawaliwa na Beijing hata siku moja. Sitawaambia mchague upande upi, na jioni ya filamu pia isiwaambie. Iweke hoja zote mbili mezani, vijana wabishane kwa adabu. Ndiyo maana sipendi jioni hizo ziwe za ubalozi wowote. Ubalozi ukileta projekta utaleta na filamu inayoupendeza, na mwisho wake ni ileile habari ya kunawa mikono, imevaa suti tu.

Na kwa nini mkimbizi ajue mambo ya kura za mbali? Kwa sababu maisha yake yanaamuliwa humo. Chakula kikipunguzwa kambini, uamuzi haukutoka kwa yule dada anayegawa. Umetoka kwenye meza ya mbali, na meza ile ina historia. Kijana asiyejua meza hizo zinavyofanya kazi atamchukia dada anayegawa.

Haya ninayosema sio ndoto. Yamefanyika karibu yetu. Ousmane Sembène wa Senegal aliandika riwaya kwanza, akaona wengi wa watu wake hawasomi, akaingia kwenye sinema. Kwake ilikuwa shule ya jioni. Kakuma, kule Kenya, FilmAid walianza kuonyesha filamu mwaka 2001 kwenye skrini kubwa inayobebwa na lori, na baadaye wakafundisha wakimbizi wenyewe kushika kamera. Goma, mjini kwetu, kituo cha Yole!Africa kilianzisha tamasha la filamu la Salaam Kivu wakati vita haijaisha, vijana wakicheza, wakionyesha filamu na kujadiliana. Hapa Rwanda, Eric Kabera, aliyezaliwa Zaire, alishiriki kutengeneza *100 Days* mwaka 2001, filamu ya kwanza ya hadithi juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya 1994. Tangu 2005 tamasha alilolianzisha linapeleka skrini ya kujazwa hewa vijijini, na kwa sababu ya vilima watu wakaliita Hillywood. Wakulima wanakaa kwenye nyasi kuangalia filamu za Kinyarwanda. Kama kilima kinaweza, kambi inaweza.

Najua pingamizi zitakuja. Nizijibu.

Pingamizi la kwanza ni sheria. Mkataba wa OAU wa wakimbizi, wa 1969, kifungu cha tatu, unamkataza mkimbizi kufanya uchochezi dhidi ya nchi yoyote mwanachama, na unazitaka serikali zizuie wakimbizi wasishambulie nchi nyingine kwa silaha, magazeti au redio. Naiheshimu sheria hiyo, tena naielewa. Sisi wa Maziwa Makuu tunajua redio inaweza kufanya nini, RTLM ilituonyesha mwaka 1994. Lakini kuangalia filamu na kuuliza maswali sio uchochezi. Uchochezi unakua pale ambapo hakuna mazungumzo ya wazi, kwenye vikundi vya simu usiku, ambako sauti isiyo na jina inawaambia vijana nani adui. Kijana aliyezoea kuuliza "umejuaje?" ukumbini atauliza hivyohivyo akiletewa sauti ile.

Pingamizi la pili ni majeraha. Hili ni zito kuliko yote. Kuna watu wakiona damu kwenye skrini wanaanguka. Hapa wanaita ihahamuka. Lakini hebu tuangalie nchi iliyotupokea inafanyaje. Kila Aprili, wakati wa Kwibuka, Wanyarwanda wanakaa pamoja, wanasikiliza ushuhuda, wanaangalia filamu, na washauri wa kisaikolojia wako pembeni tayari na maji na mahali pa kupumzikia. Wao hawakusema historia inauma basi tuifunike. Walisema inauma basi tusiiangalie peke yetu. Tunaweza kujifunza hapohapo.

Pingamizi la tatu ni lugha. Filamu za Taiwan ni Kichina na lugha ya kisiwani, maandishi ya chini ni Kiingereza, nani atasoma? Jibu liko mtaani: agasobanuye! Tangu enzi za marehemu Yanga, Wanyarwanda wanaangalia filamu za dunia nzima kwa sauti ya msobanuzi anayetafsiri palepale. Kambini tunao vijana wanaojua Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kiingereza. Tumpe mmoja maikrofoni, afanye mazoezi wiki nzima, tumkataze tu kuweka vichekesho pale ambapo mtu anakufa.

Pingamizi la nne: vijana wanataka mpira tu. Wanaosema hivi hawajakaa nje ya kibanda cha video baada ya filamu kuisha. Vijana wanabishana mpaka usiku: yule jamaa alikosea kumwamini rafiki yake, yule mama alifanya sawa. Hamu ya kujadili ipo bure kabisa. Kinachokosekana ni filamu inayostahili ubishi huo.

Basi tufanyeje? Mimi napendekeza hivi.

Kwanza, tuanzie Masaka. Kambi ina uwanja na ratiba. Sisi wa mjini tumetawanyika kwenye vyumba vya kupanga, tunakutana tu kwenye foleni. Tunahitaji chumba kimoja chenye ukuta mweupe, projekta ya kuazima na spika moja. Tuombe ruhusa kwa maandishi, ofisi ya sekta huku mjini, na kambini kwa uongozi wa kambi na MINEMA. Barua iseme wazi filamu ipi, saa ngapi, nani ataongoza mazungumzo. Anayeficha ndiye anayeogopewa.

Pili, filamu zina wenyewe. Tuwaandikie wenye haki tuombe kuonyesha bure. Tukikataliwa, tutafute nyingine.

Tatu, iwe mchana wa Jumamosi, sio usiku, ili dada zetu waje na warudi salama. Jioni ya wanaume watupu sio mazungumzo ya jamii.

Nne, sheria za chumba ziwe chache na zisomwe kwa sauti: huruhusiwi kumtukana mtu kwa kabila lake, huruhusiwi kumrekodi mwenzako, unaruhusiwa kutoka nje bila kuulizwa. Awepo mtu mmoja aliyefundishwa kusikiliza waliolemewa.

Tano, wazee waje. Baada ya filamu ya bibi yule, maikrofoni iende kwa bibi zetu kwanza. Kila mzee anayezikwa Mahama au Kiziba bila kuulizwa anaondoka na kitabu ambacho hakitachapwa tena.

Sita, mwezi wa kwanza Taiwan, wa pili pengine Afrika Kusini, wa tatu Lumumba, na tukishazoeana, tufike kwetu. Tusikimbie. Lakini tufike. Tukiishia Taiwan tu, tutakuwa tumetumia mbali kama kichaka cha kujificha.

Kwa wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: mnatupenda, najua, wengine mnalala saa chache kuliko sisi. Kila tarehe 20 Juni mnatupa fulana na uwanja, tunawachezea ngoma wageni, wanapiga picha. Ngoma ni utamaduni wetu na tunaicheza kwa furaha. Ila utamaduni sio miguu peke yake. Katika bajeti mna mstari unaitwa uhamasishaji. Ongezeni mwingine mdogo chini yake, muuite mazungumzo. Utagharimu mafuta ya jenereta na chupa za maji. Halafu mkae nasi kwenye mikeka, msishike kalamu, mseme na ninyi historia ya kwenu. Hata kwenu kuna mambo ambayo babu hakusema.

Na kwa vijana wenzangu: tusingoje shirika. Wale wazee wa Taiwan walinyamazishwa miaka 38 na sheria ya kijeshi. Sisi hakuna aliyetukataza kumuuliza mama alivukaje mpaka, tumenyamaza wenyewe. Nimeshampata mwenye projekta. Msobanuzi wa Kiswahili tunaye. Kilichobaki ni chumba, barua, na kitambaa cheupe kisicho na tobo. Nani analo shuka?